Barua ya Msamaha Niliyomwandikia Anti Ndunge

Wadogo zangu mnaochukua meza ya barua, kwanza kaeni kiti cha ukutani. Kile cha upande wa mlango kina mguu mbovu, na kila anayetoka kwenye ibada atakupiga kichwani kwa mkoba halafu akuulize kama umeona viatu vya mtoto wake. Mimi nilikalia kile cha mlango miaka miwili kabla ya kugundua kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Nimestaafu. Najua mnacheka, mtu wa miaka kumi na minane anastaafu nini. Lakini nilianza nikiwa na kumi na mitatu, kila Ijumaa, siku ya mapumziko katika nchi hii ya Waarabu, kwenye kanisa letu pale Mesaimeer, na tangu hapo nimewaandikia watu wazima barua za likizo, za uhamisho, za kumlalamikia mwenye nyumba, na moja ya kumwomba daktari asimwambie mume. Mwezi ujao narudi Kenya kusomea uuguzi. Mama alisema niwape maagizo kwa mdomo, lakini mnanijua, watu wakifika watatu sauti yangu inajiendea. Kwa hiyo nayaandika kama ninavyoandika shajara yangu, na mengi humu ni malalamiko. Mnisamehe. Hapana, futeni hilo neno. Mtaona kwa nini.

Meza hii si yangu. Ilikuwa ya Mzee Kassim, mtu wa Mombasa, aliyekuwa mandubu. Mandubu ni yule ambaye kampuni inamtuma ofisi za serikali na bahasha za pasipoti, anajua dirisha lipi linafunguliwa saa ngapi na karani yupi hapendi kusalimiwa. Mzee Kassim ni Mwislamu. Alikuwa akiswali Ijumaa yake, kisha anakuja kutuchukulia watu kwa gari lake, na wakati akisubiri abiria wamalize kuagana, jambo ambalo kwetu huchukua saa nzima, akawa anawaandikia barua. Mimi nilikuwa nakaa karibu naye kwa sababu nilikuwa naogopa watoto wenzangu. Siku moja akasahau miwani, akanisukumia karatasi.

"Wewe shuleni wanakusomesha Kiarabu?"

"Kidogo."

"Basi kidogo chako ni kingi kuliko cha hawa wote. Soma."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Mshahara ulikuwa chai ya karaki, ya maziwa na viungo, tamu mpaka meno yanalalamika.

Mzee Kassim alikuwa na utaratibu mmoja ambao nilikuwa nauona wa kuchosha. Kabla ya kuandika barua, unaandika kwenye daftari maneno ya mtu mwenyewe, kwa Kiswahili chake, neno kwa neno, hata kama anazungukazunguka. Unamsomea. Anatia sahihi chini yake na tarehe. Halafu ndipo unafungua ukurasa mwingine na kuanza kutafsiri. Nilimuuliza kwa nini tusiandike barua moja kwa moja.

"Kwa sababu barua ni yako, mwanangu. Daftari ndilo lake."

Sikumwelewa, ila nilifanya, kwa sababu mimi ni mtu wa kufanya ninachoambiwa. Huo nao ni ugonjwa, tutaufikia.

Lazima niwaambie kuhusu watu wetu na heshima zao, maana itawamaliza nguvu. Anko Wafula, yule mlinzi wa majumba ya kule The Pearl, alikuja nimwandikie msimamizi wake kwamba anaomba kuhamishwa zamu ya asubuhi. Sentensi moja. Alinipa imla ya kurasa mbili. Alianza kwa kumuulizia msimamizi hali ya nyumbani, akampa pole kwa paka wake aliyekufa, akamshukuru kwa kumpa kazi mwaka ule, akaomba radhi kwa kumchukulia muda wake, na nilipomkumbusha kuhusu zamu akasema, "Hiyo weka mwishoni, asije akaona nina haraka." Msimamizi alisoma mpaka kwenye paka, akamjibu asante. Anko Wafula yuko zamu ya usiku hadi leo.

Hayo ni ya kucheka. Sasa nisikilizeni.

Anti Ndunge wote mnamjua, anayeimba sauti ya kwanza na kuvaa viatu vyekundu. Anasafisha vyumba katika hoteli moja ya West Bay, lakini ameajiriwa na kampuni ya usafi, si hoteli. Mwaka uliopita aliteleza bafuni akiwa kazini, bega la kulia likaumia. Kampuni yao ina mfuko wa ustawi, unaomlipa mfanyakazi aliyeumia mpaka daktari amruhusu kurudi. Akawa analipwa, mkono umefungwa kitambaa shingoni, anakaa chumbani kwake akiangalia dari. Daktari alimwandikia miezi mitatu.

Katikati ya miezi hiyo ndiyo tukafanya ile siku ya shukrani, kwenye ua wa nyumba wanayopanga wanakwaya. Nanyi mnajua desturi yetu. Ugali wa watu tisini anausonga Anko Wafula, hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa ile sufuria, lakini kila mwanamke lazima apigwe picha akiwa ameushika mwiko. Anapaka rangi ya mdomo, anasimama, anainama kidogo kama anayesonga, anapigwa, anampa mwenzake. Anko Wafula anasimama pembeni akifuta jasho na kulalamika kwamba ugali unapoa. Anti Ndunge alitoa kile kitambaa shingoni kwa sababu hakikuendana na gauni, akashika mwiko, akapigwa. Jioni akaiweka picha kwenye simu ambapo kila mtu anayemjua angeiona. Wakiwemo wa kazini.

Wiki mbili baadaye akaitwa ofisini. Akaonyeshwa picha yake. Akaambiwa amedanganya kuhusu bega, amekula pesa za wagonjwa, na akawekewa karatasi ya Kiarabu aitie sahihi. Hapo aliokolewa na miwani. Alikuwa ameisahau, akawaambia hawezi kutia sahihi kitu asichokiona. Hakusema hawezi kukisoma. Alisema hakioni, kwa adabu. Wakampa nakala aende nayo, na siku saba za kujibu kwa maandishi. Asipojibu vizuri, walisema, suala linakwenda polisi.

Mnajua maana yake. Kesi ikifunguliwa, hutoki nchini mpaka iishe. Na binti yake wa pekee alikuwa anaolewa Machakos mwezi wa kumi na mbili. Tiketi ilikuwa imeshanunuliwa, sare zimeshashonwa. Alikuja mezani pangu Ijumaa ile bila viatu vyekundu.

"Mami, niandikie," aliniambia. "Andika vizuri, wewe una Kiingereza cha shule."

Nikafungua daftari. Nawanakilia alichosema, kwa sababu ukurasa ninao: "Waambie nawasalimu. Waambie samahani kwa usumbufu, na kama picha imewaudhi wanisamehe. Lakini mimi ugali sikusonga. Nilishika mwiko tu. Mkono hauinuki, hata kuchana nywele nachaniwa. Aliyesonga ni Wafula." Nikamsomea. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, imepinda kama ya mtoto wa chekechea.

Kisha nikafungua ukurasa wa pili na kufanya jambo la kijinga kuliko yote niliyowahi kufanya katika kazi hii. Niliona aibu. Barua inakwenda kwenye ofisi ya ghorofa ya ishirini na kitu, watu wa tai na vitambulisho vya shingoni, na mimi nianze kuwaelezea ugali? Mwiko nauitaje kwa Kiingereza mbele ya watu kama wale? Nikaona si lugha ya ofisi. Nikaandika kwamba anaomba msamaha wa dhati kwa yote yaliyotokea, kwamba anatambua uzito wa jambo hili, na kwamba anawasihi wamhurumie. Nilijiona mwandishi. Kumbe sentensi pekee yenye kazi ilikuwa ile ya ugali, na ndiyo niliyoitupa.

Jibu lilikuja Jumanne. Walishukuru kwa "kukiri kwake." Walisema kwa kuwa amekiri, arudishe malipo yote na mkataba wake utasitishwa, na mfuko bado unafikiria kwenda polisi.

Nilisoma lile neno mara kumi. Kisha nikalifunga daftari.

Halafu wakaanza washauri. Jamani, watu wazima. Mmoja alisema aende akalie mbele ya meneja. Mwingine akasema alipe tu yaishe, kana kwamba ukilipa ulichoshtakiwa kuiba watasema basi hukuiba. Wa tatu akataka niandike barua ya pili ya msamaha, yenye msamaha zaidi. Anko Wafula yeye alikasirika kwa sababu zake.

"Yaani kampuni nzima inaamini ule ugali ameusonga Ndunge?" aliuliza. "Waandikie. Ugali wa watu tisini hausongwi na mtu wa mkono mmoja. Ule ulikuwa wangu."

"Anko, hilo si suala."

"Si suala kwako. Mimi nilikuwa na malengelenge."

Na kwenye kundi la simu la akina mama, mtu alitoa wazo kwamba tumuunge mkono Anti Ndunge kwa picha. Usiku ule simu yangu ililia mpaka ikazimika. Picha thelathini na moja. Kila mama na picha yake ya siku ile, ameshika mwiko uleule, mbele ya sufuria ileile, wengine na maua na maandishi ya tuko pamoja. Mke wa mchungaji na kofia yake. Mama Imani akiwa na mimba ya miezi minane. Nilitaka kujitoa kwenye kundi. Mtu anakaribia kufungwa nanyi mnatuma picha.

Nikampigia Mzee Kassim, ambaye alikuwa amesharudi Mombasa. Nilimsomea barua yangu. 

"Nani alikuambia uandike msamaha?"

"Ni adabu tu, Mzee. Yeye mwenyewe alisema samahani."

"Alisema samahani kwa usumbufu. Wewe umeandika msamaha kwa wizi. Ukiwa mbele ya mtu anaona umeinamisha kichwa, anajua ni heshima. Karatasi haina kichwa, mwanangu."

"Nifanye nini?"

"Usiandike kitu kingine. Hata mstari. Tafuta wakili."

Wadogo zangu, hapa ndipo nilipochelewa, na msichelewe. Mtu akishtakiwa kwamba amekula malipo yasiyo yake, kazi yenu ya barua imekwisha. Mwambieni asitie sahihi, asilipe, asijieleze kwenye simu, aombe nakala ya kila kitu pamoja na ripoti ya daktari, na aende kwa mwanasheria siku hiyohiyo. Asisubiri Ijumaa. Sisi kila kitu tunasubiri Ijumaa, kana kwamba makosa ya ofisini yanafuata ratiba ya kwaya.

Ubalozi ulitupa orodha ya majina. Mimi kupiga simu ni kama kuchomwa sindano, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi kila neno nitakalosema, hata "haloo." Wa kwanza nilimkatia simu alipopokea. Wa pili akataja ada, Anti Ndunge akakaa chini sakafuni. Wa tatu alikuwa ofisi ya mwanasheria wa hapa, ambapo msaidizi wake, Msudani mmoja anayeitwa Ustadh Bakri, alisikiliza kisha akasema kusikiliza kwa mara ya kwanza hakuna malipo, tuje na karatasi zote. "Zote," alirudia. "Hata zile mnazoona hazina maana."

Tulikwenda mimi, Mama na Anti Ndunge. Ustadh Bakri ni mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kufumba macho akifikiri. Alisoma barua yangu akafumba macho muda mrefu.

"Nani kaandika hii?"

Anti Ndunge akasema, "Mimi," haraka, kwa sababu alikuwa ananilinda. Mama akaniangalia. Na mimi, mnisikie, nilinyamaza. Halafu nikasema ni mimi, na kwamba yeye alisema mengine, na yako kwenye daftari.

"Daftari gani?"

Nikalitoa. Akataka nimtafsirie. Nilipofika kwenye ugali akafungua macho.

"Ana sahihi hapa? Na tarehe? Kabla ya barua?" Akaligeuzageuza lile daftari la shule lenye picha ya panda juu yake. "Nani amekufundisha kufanya hivi?"

"Mandubu."

"Alaa," akasema, kama vile hiyo ilieleza kila kitu.

Kisha akauliza kama kuna njia ya kuonyesha kwamba kushika mwiko ni picha tu na si kazi. Nikamwambia, kwa aibu, kwamba nina picha thelathini na moja. Aliziangalia moja baada ya nyingine. Kwa mke wa mchungaji akatabasamu. Kwa Mama Imani na tumbo lake akacheka mpaka akavua miwani. "Kwa hiyo hawa wote wamepika ugali mmoja," alisema. "Zichapishe. Zote." Na mimi nilikuwa nimeshafuta kumi na mbili kwa hasira, ikabidi nirudi kuomba kundini, na wale akina mama wakanitumia mpya kabisa walizopiga siku hiyo, ikabidi nieleze tena. Nusura nilie.

Ukurasa wa daftari ulipelekwa kwenye ofisi ya tafsiri ya kugongwa muhuri. Bila muhuri hapa hata jina lako ni uvumi. Yule mfasiri alitafsiri hadi "waambie nawasalimu," ikawa ndiyo sentensi ya kwanza ya ushahidi wetu.

Siku ya kikao alichokiomba Ustadh, pale kampuni, walikuwepo meneja wa wafanyakazi na mkaguzi wa mfuko. Kiyoyozi kilikuwa kikali. Ustadh Bakri aliweka ripoti ya daktari, kisha tafsiri, kisha picha, moja moja, polepole, kama anayegawa karata. Anko Wafula alikuwa nje ya mlango na shati la kazini la The Pearl, tayari kuapa kuhusu ugali wake. Mkaguzi akasema picha ni sawa, lakini mwanamke huyu alikiri kwa maandishi yake. Ustadh akanigeukia.

Nilisema. Sauti yangu ilikuwa chini ya kiyoyozi, meneja akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilisema barua ni yangu, maneno ya msamaha ni yangu, niliyaweka kwa sababu kwetu ndivyo mtu anavyoanza kuzungumza na mkubwa, na sentensi ya ugali niliiondoa kwa sababu niliona aibu. Meneja akaniuliza aibu ya nini.

"Ya ugali," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Labda ingekuwa bora wangecheka. Mkaguzi aliomba kuona daftari lenyewe, si tafsiri, akakaa akiangalia ile sahihi iliyopinda ya mkono wa kushoto. Akamuuliza Anti Ndunge kama kwa kawaida anaandikia mkono upi. Anti akainua wa kulia kumwonyesha, na ukaishia kifuani, hauendi zaidi.

Walitoka wakarudi. Meneja akasema, "Khalas, yameisha, arudi kwa daktari, malipo yanaendelea." Mama akaanza kusimama kushukuru. Ustadh Bakri hakusimama.

"Khalas iandikwe," alisema.

Tulisubiri saa mbili. Iliandikwa, Kiarabu na Kiingereza, na muhuri. Kumbukeni hiyo kuliko yote. Mtu akiwaambia yameisha, mkae mpaka yapigwe muhuri. Anko Wafula hakuitwa kamwe, na hajatusamehe.

Anti Ndunge alikwenda Machakos. Picha za harusi nimeziona, amevaa viatu vyekundu na mkono umefungwa kitambaa kilichoshonwa kwa nguo ya sare, na hajashika chochote, hata kisu cha keki. Nilimuuliza kuhusu siku ile alipojibu "mimi" mbele ya Ustadh. Alisema, "Wewe ni mtoto, ungefanywa nini."

Aliporudi, Ijumaa ya kwanza, alikuja mezani. Alitaka niwaandikie kampuni barua ya kuwashukuru. Nikamwambia Anti, tafadhali, tuwaache hao watu. Akasema hapana, si adabu. Basi nikafungua daftari la panda.

"Andika," akasema, akijiweka sawa kwenye kile kiti cha mguu mbovu. "Kwanza, naomba radhi kwa kuwachelewesha kuwashukuru. Pili, naomba radhi kwa yule mzee aliyewasumbua mlangoni kuhusu ugali. Wanisamehe sana."

Niliandika yote, neno kwa neno. Nikamsomea. Akatia sahihi, kwa mkono wa kulia, polepole. Kisha nikafungua ukurasa wa pili. Radhi zote niliziacha kwenye daftari, na kwenye barua nikaandika shukrani, na kwamba ule ugali aliusonga Wafula.